Imezimaje? Swali la kwanza kwa pikipiki iliyogoma kuwaka

Pikipiki inapofika kwangu ikiwa inasukumwa, mwenye nayo huwa na neno moja tu: "Fundi, imegoma." Mimi huwa na maswali. Imezima ukiwa barabarani, au ililala nzima ikaamka mbovu? Ilikata ghafla, au ilianza kukohoa na kukosa nguvu kwanza? Jana ilioshwa? Mafuta ya mwisho uliweka wapi, kituoni au ya chupa? Kuna fundi mwingine ameshaifungua? Vijana wengi hukereka. Wanataka nishike spana, maana spana ndiyo kazi wanayoiona, na kila dakika inayopita ni abiria anayechukuliwa na mwenzao kijiweni. Lakini majibu ya maswali hayo hunimalizia nusu ya kazi kabla sijainama.

Injini iliyokata ghafla bila dalili yoyote, mara nyingi imepoteza moto wa plagi: waya umechomoka, fyuzi imekatika, kofia ya plagi imeachia, koili inayoipa plagi umeme imekufa. Iliyokohoa, ikapungua nguvu, ikafufuka kidogo ulipovuta choki halafu ikazima, hiyo mara nyingi ina njaa ya mafuta. Inayosumbua alfajiri tu, mchana inawaka kwa kiki moja, hapo nafikiria baridi, choki na betri. Na ile inayowaka vizuri asubuhi, lakini ukiizima ikiwa na joto haikubali tena mpaka ipoe, hiyo ndiyo inayoumiza vichwa kuliko zote. Nitaifikia.

Mimi niko Njombe. Kabla ya kushika spana niliendesha bodaboda, kwanza kama deiwaka, yaani wa kushikia kwa siku, baadaye kwa mkataba, pikipiki ya tajiri na hesabu ya kumpelekea kila jioni. Anayeendesha kwa hesabu anajua jambo ambalo mwenye pikipiki ya kutembelea halijui: pikipiki ikilala, hesabu hailali. Siku ya kwanza unakopa kwa mwenzako wa kijiweni. Siku ya pili unapunguza chakula cha nyumbani. Ikifika siku ya tatu tajiri anaanza kukuuliza kama kweli pikipiki ni mbovu au umeificha. Kwa hiyo nikimwona kijana ameuziwa kabureta mpya wakati kasoro yake ilikuwa ni tundu lililoziba, naumia kweli, kwa sababu najua hela ile imetoka wapi.

Na hilo la tundu lilitokea. Kijana mmoja alikuwa anapeleka mizigo upande wa Lupembe, barabara ya milima, na pikipiki yake ilikuwa inatembea kilomita chache inazima. Anasimama, anahangaika nayo, baada ya muda inawaka, anaondoka, mbele inazima tena. Alikuwa ameshabadilishiwa plagi, ikafuata filta ya mafuta, ikafuata kabureta nzima. Aliponiambia kwamba ikishapumzika huwaka yenyewe bila kuguswa, nikamwambia tupande wote tuiendeshe mpaka izime. Ilipozima, sikugusa injini. Nilifungua mfuniko wa tanki, tukasikia hewa ikiingia kwa nguvu, fyuuu. Akapiga kiki, ikawaka.

Kwenye pikipiki zetu za kabureta mafuta hushuka kutoka kwenye tanki kwa uzito wake tu, hakuna pampu. Yanaposhuka yanaacha nafasi tupu, na nafasi ile lazima ijazwe na hewa inayopita kwenye kitundu kidogo kilichomo kwenye mfuniko. Kitundu kikiziba, tanki linabaki likivuta kwa ndani na mafuta yanakataa kushuka. Ukisimama, hewa inapenya polepole, mafuta yanashuka kidogo, injini inawaka, na safari ya kero inaanza upya. Yule kijana alikuwa amefunika mfuniko kwa nailoni, chini ya kava la tanki, ili maji ya mvua yasiingie. Tulitoa nailoni, tukazibua kitundu. Kabureta aliyouziwa ilikuwa haina kazi yoyote ya kufanya pale.

Injini ya petroli inaomba vitu vitatu: mafuta yaliyochanganyika na hewa kwa kipimo chake, moto wa plagi wenye nguvu, na mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda. Vikiwepo vyote na kila kimoja kikija kwa wakati wake, itawaka, hata ikiwa imezeeka na fremu imechomelewa kila mahali. Kikikosekana kimoja haitawaka, hata ikiwa imetoka dukani jana. Kwa hiyo kazi yangu ni kuuliza kipi kimekosekana, nikianza na kile kisichohitaji kufunguliwa.

Naanza na funguo, kitufe chekundu cha kuzimia, koki ya mafuta, nyutro, stendi ya pembeni. Nayagusa hayo kwa mkono hata kama mwenyewe ameapa kwamba yako sawa. Zipo pikipiki ambazo stendi ya pembeni ikiwa chini haziwaki, na nyingine stata haizunguki mpaka ubane klachi. Mwalimu mmoja wa shule ya kijijini alinipigia simu akiwa amechoka kupiga kiki, tayari ameshaagiza kijana aje na gari la kubeba mizigo.

"Mama, angalia kitufe chekundu mkono wa kulia," nikamwambia.

"Kimefanyaje, mwanangu?"

"Kisukume upande wa pili, halafu piga kiki tena."

Nilisikia injini ikinguruma kwenye simu. Watoto walikuwa wamecheza na pikipiki wakati wa mapumziko. Hakuna aibu katika jambo kama hilo. Kitufe kile kimewekwa ili injini ikatae kuwaka, na kilifanya kazi yake.

Tukishavuka hapo nafungua plagi. Plagi ni shahidi aliyekuwepo ndani ya silinda wakati mambo yanaharibika, na hasemi uongo. Nikiikuta imelowa petroli, najua mafuta yanafika ila hayawaki. Kabureta naiacha kwanza, naenda kwenye moto. Nikiikuta kavu kabisa baada ya kiki nyingi na choki imevutwa, najua mafuta hayafiki. Yenye masizi makavu meusi inaniambia mafuta yanazidi hewa, na kwa barabara zetu za vumbi jambo la kwanza ninaloangalia ni filta ya hewa. Nyeusi yenye utelezi wa oili inanitia wasiwasi, kwa sababu oili inapanda mahali isipotakiwa, huenda ringi zimelika au mipira ya valvu imekakamaa. Nyeupe iliyoungua ina maana hewa inazidi. Natafuta mpira wa kabureta uliopasuka. Kahawia hafifu ndiyo rangi ya afya.

Kisha naangalia moto wenyewe. Plagi naivalisha kofia yake, chuma chake nakigusisha kwenye chuma cha injini, mbali na tundu la plagi, napiga kiki. Hapo kwenye "mbali" sifanyi mzaha. Kiki inatema mvuke wa petroli kupitia tundu lile, na cheche ikiukuta, moto unaruka usoni kwa mtu. Wala usiishike plagi kwa mkono mtupu, maana umeme unaopita hapo ni volti zaidi ya 10,000. Ninachotafuta ni cheche ya buluu inayosikika mlio wake. Cheche nyekundu iliyolegea si moto wa kutegemea, na hili ndilo linalobishaniwa sana: "Fundi, moto upo, nimeuona mwenyewe." Umeuona nje. Ndani ya silinda hewa imegandamizwa, na cheche hupata taabu zaidi kuruka katika hewa iliyogandamizwa kuliko hapa nje. Moto dhaifu unaoonekana vizuri nje unaweza kufa ukiwa kazini.

Moto ukiwa dhaifu sikimbilii koili. Nasafisha plagi kwa brashi ya waya na petroli, nakagua nafasi kati ya ncha zake. Kwa pikipiki nyingi ndogo nafasi hiyo ni kati ya milimita 0.6 na 0.7, na asiye na kipimo anaweza kutumia bledi ya msumeno wa chuma, kwa sababu unene wake unakaribia hapohapo. Nafungua kofia ya plagi kwa kuizungusha, nakata nusu sentimita ya waya uliooza kwa kutu ya kijani, narudisha kofia kwenye waya mpya. Kazi hiyo haigharimu kitu, na imerudisha pikipiki nyingi barabarani kuliko koili nilizowahi kuuza. Kisha ndiyo najaribu plagi nyingine ninayoiamini. Plagi mpya ya bei ya kutupa haina tofauti na ya zamani kwa mashaka. Ikitoka kwenye boksi naipima kama nyingine yoyote.

Moto usipoonekana kabisa, kuna jaribio moja ninalolipenda. Pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa huku zina injini inayofuata umbo la Honda CG125, injini iliyotoka mwaka 1976 na ambayo bado inazaliwa upya viwandani kwa majina mengi. Kwenye nyingi ya hizo moto wa plagi hautegemei betri. Koili iliyomo kwenye magneti inalisha sidiai, kile kiboksi kinachotuma umeme kwenye koili ya plagi, na funguo inazima injini kwa kuupeleka umeme wa sidiai kwenye ethi, yaani kwenye chuma cha fremu, kupitia waya mmoja, ambao mara nyingi ni mweusi wenye mstari mweupe. Waya huo ukichubuka mahali popote ukagusa fremu, injini inaona umezima funguo.

Niliwahi kuletewa pikipiki iliyoanguka kwenye matope, ikanyanyuliwa, ikawaka, lakini kuanzia siku ile ikawa inazima ovyo. Mwendeshaji alikuwa ameambiwa anunue sidiai, akanunua. Akaambiwa koili ya magneti, akawa anatafuta hela. Nilimwuliza huwa inazima wapi. Akafikiri, akasema, "Kaka, kama vile inapenda kuzima kwenye kona." Nikageuza usukani kulia, nikapiga kiki, moto ukaonekana. Nikaugeuza kushoto, moto ukapotea. Nikachomoa ule waya mweusi wa mstari mweupe kwenye soketi ya sidiai, nikarudia usukani ukiwa kushoto: cheche ya buluu. Kwa hiyo sidiai nzima, koili nzima, magneti nzima. Tulifungua taa ya mbele, tukafuata waya mpaka shingoni mwa usukani, tukakuta umebanwa na kuchubuka. Tepu ya umeme na kufunga upya mkondo wa nyaya ili zisivutwe, basi.

Wapo wanaouchomoa waya huo na kuuacha hivyo hivyo, pikipiki inatembea kwa miezi. Siungi mkono. Pikipiki isiyozimika kwa funguo ni hatari ikianguka na abiria, na mwizi naye hahitaji funguo. Kuuchomoa waya ule ni kwa kupimia tu. Ukishakuonyesha njia, rudisha mahali pake.

Kwa pikipiki ambazo moto wake unategemea betri, betri ikishuka sana hata kiki haisaidii. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.6, ikiwa chini ya 12 ichajiwe kwanza kabla ya kulaumu kitu kingine. Ukibonyeza stata ukasikia "tik tik" na taa zinafifia, hapo hakuna fumbo. Kaza vichwa vya betri, visafishe. Na hizi mpya zisizo na kabureta, zenye kupuliza mafuta kwa umeme, washa funguo usikilize: pampu ndani ya tanki inatakiwa ivume kidogo kisha inyamaze. Isipovuma, anza na fyuzi.

Sasa mafuta. Nachomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, nafungua koki, naangalia kama yanashuka kwa mtiririko au kwa matone. Yakishuka vizuri, nafungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta na kuyakinga kwenye chupa ya maji angavu. Chupa angavu ni muhimu. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji yakiwemo yanajikusanya chini na unayaona kwa macho. Wakati wa mvua hii ndiyo kasoro ninayoiona zaidi, na hasa kwa wanaonunua mafuta ya chupa huko vijijini ambako kituo kiko mbali. Siwalaumu wanaonunua wala wanaouza. Mtu wa kijijini hawezi kusukuma pikipiki mpaka mjini kufuata lita moja. Lakini chupa hukaa nje, mfuniko haubani, na pipa lililobebea mafuta lilishabeba kitu kingine.

Uchakachuaji ni suala jingine. Wakati mafuta ya taa yalipokuwa na bei ya chini sana kuliko petroli, kuchanganya kulilipa. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochakachuliwa yatambulike, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuchanganya kusiwe na faida. Sisi wa gereji tulio mbali na vipimo hivyo tuna njia ya mkono: dondosha kidogo kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi huruka upesi na kuacha karatasi ikiwa kavu. Yenye mafuta ya taa inaacha doa lenye utelezi na harufu inayokaa. Pikipiki iliyolishwa mchanganyiko huo inakuwa ngumu kuwaka ikiwa baridi, inatoa moshi, na plagi yake inajaa masizi muda mfupi baada ya kusafishwa.

Petroli nzuri nayo huharibika ikikaa. Kuna mzee mmoja mstaafu, pikipiki yake hutoka kwa ajili ya ibada na misiba tu, siku nyingine imefunikwa turubai. Alikuja nayo akiwa amepakia kwenye bajaji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, hii kitu inawaka nikivuta choki, nikirudisha tu inazima. Nimeambiwa injini imekwisha."

Haikuwa imekwisha. Petroli iliyokaa muda mrefu kwenye kabureta huacha utandu wa kunata, na njia ya kwanza kuziba ni ile jeti ndogo inayolisha injini ikiwa imetulia bila kuvutwa mafuta. Ukivuta choki unapunguza hewa, injini inapata kiasi chake kwa shida; ukirudisha, njaa inarudi. Nilifungua jeti, nikailoweka, nikaipuliza kwa hewa ya kompresa. Ikibidi kuzibua kwa kitu, nachukua unyuzi mmoja wa waya wa shaba, kamwe si sindano ya chuma, kwa sababu jeti ni ya shaba ya njano na tundu lake likipanuka hata kidogo kipimo cha mafuta kimekufa. Nikamshauri akijua itakaa, afunge koki na kuiacha injini iendelee mpaka imalize mafuta ya kwenye kabureta na kuzima yenyewe. Anafanya hivyo mpaka leo.

Huku kwetu kuna na habari ya mahali penyewe. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 80 ya ule wa Dar es Salaam. Gramu moja ya petroli inahitaji karibu gramu 15 za hewa ili iungue vizuri. Pikipiki iliyopimiwa kabureta pwani, ikipanda huku, inapata hewa pungufu kwa mafuta yaleyale, plagi inakuwa nyeusi, na mwenyewe anaambiwa ameuziwa mbovu. Marekebisho ya skrubu ya hewa husaidia, na jeti ndogo zaidi ya ile ya pwani ikipatikana ni bora. Juu ya hilo weka baridi ya Juni na Julai, wakati petroli inashindwa kugeuka mvuke vizuri na oili inakuwa nzito kwenye kiki. Waendeshaji wazoefu wa hapa wana utaratibu: choki juu, funguo bado imezimwa, kiki mbili tatu za taratibu ili silinda ivute mafuta, kisha funguo, kisha kiki moja ya maana bila kuvuta mafuta mkononi. Nimeutumia miaka yote na sijaona mbadala wake.

Ila asubuhi hizohizo ndizo watu wanazamisha injini. Imekataa mara ya kwanza, mtu anapiga kiki kwa hasira huku akivuta mafuta, choki iko juu, mpaka harufu ya petroli inajaa. Hapo acha. Funga koki, rudisha choki, vuta mafuta mpaka mwisho ili hewa iingie kwa wingi, piga kiki kadhaa. Au fungua plagi, ikaushe, na funguo ikiwa imezimwa zungusha injini tundu likiwa wazi ili mafuta yatoke. Kuisukuma mteremkoni ikiwa katika hali ile ni kujichosha, na petroli iliyojaa inaosha oili kwenye kuta za silinda.

Nirudi kwenye hela, maana ndiko ugonjwa mkubwa uliko. Fundi wengi wa kwetu hatulipwi kwa kutafuta kasoro. Tunalipwa kwa kufunga spea. Nikikaa na pikipiki yako asubuhi nzima nikagundua waya uliochubuka, utaniuliza nikudai nini wakati hakuna kilichobadilishwa. Nikikuuzia koili na kuifunga kwa dakika chache, utalipa bila neno. Kwa utaratibu huo fundi anayebahatisha anakula, na anayechunguza analala njaa, halafu tunashangaa kwa nini pikipiki inarudi na koili mpya na ugonjwa uleule. Mimi nimeamua kutaja bei ya kutafuta kabla sijaanza: nitachunguza, nitakulipisha uchunguzi, spea ikihitajika utainunua wewe mwenyewe popote unapotaka, na ya zamani utaondoka nayo. Mwanzoni wateja walikimbia. Waliobaki ni waendesha kwa hesabu, watu wanaojua thamani ya siku. Matajiri wenye pikipiki nyingi nao wameanza kuuliza swali zuri: kabla ya kubadilisha, umejuaje kwamba ndicho kilichokufa?

Wakati mwingine jibu ni kwamba kilichokufa kiko ndani. Mafuta yapo, moto wa buluu upo, na bado haiwaki. Naweka kidole gumba kwenye tundu la plagi na kumwambia mtu apige kiki, waya wa plagi ukiwa umewekwa ethi mbali. Injini yenye kompresheni nzuri inakisukuma kidole kwa nguvu, huwezi kukizuia. Ikiwa inapumua tu kwa ulegevu, namimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, nazungusha, narudia kidole. Kompresheni ikipanda, oili imeziba pengo la ringi, kwa hiyo ringi au silinda zimelika. Isipopanda, natazama valvu, ile milango ya kuingizia mchanganyiko na kutolea moshi.

Hapa ndipo ile pikipiki inayokataa ikiwa na joto inapoingia. Ikifika imeshapoa huwezi kuikamata. Itawaka kwa kiki moja na kukufanya uonekane mwongo. Nilimwambia mwenye moja aje nayo moja kwa moja kutoka safari ya mzigo, asisimame popote. Alipoizima uani ikagoma hapohapo. Niliangalia moto kwanza, kwa sababu koili na pikapu, kile kihisi cha kwenye magneti kinachoiambia sidiai wakati wa cheche, zikipata joto huweza kukata pia. Moto ulikuwa wa buluu. Nikaweka kidole, kompresheni ikawa imelegea kabisa. Tukanywa chai ikapoa, nikaweka tena kidole: imerudi.

Nikamwuliza kama tapeti zake, zile skrubu za kurekebisha valvu, ziliwahi kuguswa. Akasema ndiyo, zilikuwa zinapiga kelele, fundi akazikaza mpaka zikanyamaza. Waendeshaji wengi hawaipendi ile "tak tak" ya juu ya injini, na fundi anayetaka kumfurahisha mteja anaikaza. Lakini ile nafasi kati ya tapeti na valvu ina sababu. Kwa injini nyingi ndogo ni sehemu ya kumi ya milimita au pungufu, na ipo kwa sababu valvu ikipata moto inarefuka. Ukiimaliza nafasi yote injini ikiwa baridi, valvu ikirefuka haina pa kwenda, inabaki imeachama, mgandamizo unatoroka. Ya kutolea moshi ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu hupoa kwa kugusa kiti chake inapofunga. Isipogusa, inaungua ukingo. Tapeti inayosikika kidogo ni salama kuliko iliyonyamaza kabisa.

Ya kwake ilikuwa bado haijaungua. Nilipima upya injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu mwisho wa mgandamizo, alama ya T kwenye magneti ikiwa imelingana na ya kava na tapeti zote mbili zikiwa huru. Kipimo cha bamba nyembamba, si cha sikio. Kiki ya kwanza ikawaka, akaenda Makambako na kurudi na mzigo, akaizima mbele yangu ikiwa inafuka joto, akaiwasha. Sasa kila baada ya muda anailaza kwangu usiku, nami naipima alfajiri kabla mtu yeyote hajaiwasha, na anayekuja kuichukua asubuhi anailipia kazi hiyo kama anavyolipia oili.